Nimefeli kitabu cha rangi, naambiwa nikariri majibu

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 20, nimezaliwa na kukulia Ilula, mkoani Iringa. Mwaka jana nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na nikafaulu vizuri. Tangu nikiwa darasa la nne nataka kuwa rubani. Nikisikia ndege inapita nilikuwa naacha jembe nasimama kuitazama mpaka ipotee, na baba alishanizoea.

Wazazi wangu ni wakulima na wauzaji wa nyanya. Nimepata nafasi katika chuo cha urubani, ila ada yake ni kubwa mno kwetu. Baba ameshapata mteja wa kiwanja, na mama anataka kuchukua mkopo kwenye kikoba chao. Malipo ya kwanza yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kupimwa afya. Hofu yangu yote ilikuwa kwenye miwani, maana bila miwani sioni mbali. Lakini herufi za ukutani nilizisoma zote nikiwa nimeivaa. Kisha dada aliyekuwa ananipima akatoa kitabu chenye madoadoa ya rangi. Ukurasa wa kwanza nikasema 12, akaitikia. Wa pili nikasema 3. Akanyamaza, akafunua. Mbele kidogo nikasema 21. Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikasogeza uso karibu, bado nikaona 21. Kurasa nyingine sikuona namba kabisa, ni madoa matupu. Daktari akaniambia nina upofu wa rangi, nitafute kazi nyingine. Hata dakika tano hazikufika.

Mama, nilipotoka pale nilikaa kituo cha daladala nikakumbuka jambo. Tangu utoto, mama akinituma nichague nyanya zilizoiva za kupanga mbele ya meza, mimi nazibonyeza kwa kidole moja moja. Wadogo zangu wanaangalia tu na kuokota. Nilikuwa nasemwa kwamba nachelewesha kazi. Na babu mzaa mama alikuwa anafanya vilevile mpaka anafariki, watu wakisema ni uzee.

Sasa nyumbani hakuna amani. Baba anasema ugonjwa huu umetoka ukoo wa mama. Mama hasemi kitu, anaamka usiku na kukaa jikoni.

Kuna jamaa aliyenitangulia kwenye mambo haya ameniambia anazo picha za kurasa zote pamoja na majibu. Anataka laki mbili. Nikariri, kisha nikapimwe kwa daktari mwingine. Anasema siku hizi kompyuta ndiyo inayorusha ndege, na kwamba rangi ni utaratibu tu wa makaratasi. Rafiki mwingine amenitumia tangazo la miwani inayotibu upofu wa rangi.

Nifanye nini? Nikariri? Na nimewahi kuona video ya wanaanga wakipimwa macho huko juu, wakielea. Wao wakigundulika macho yameharibika, wanafukuzwa kama nilivyofukuzwa mimi?

Kijana wa Ilula

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilisimama kwenye nyanya. Kabla ya safu hii nilifanya kazi kliniki ya macho kwa miaka mingi. Wako vijana niliowafunulia kitabu hichohicho, nikaona wanavyosogeza uso karibu kama ulivyofanya wewe, wakidhani ukurasa ukiwa karibu namba itatokea. Najua jinsi moyo unavyoshuka.

Tuanze na linalowaka moto. Mwambie baba asiuze kiwanja sasa hivi, na mama asisaini mkopo. Kwa anayetaka kuwa rubani wa biashara, cheti cha afya cha daraja la kwanza hutangulia, ada hufuata. Nimeona familia zikifanya kinyume, zikalipa, halafu kijana akakwama kwenye jicho au sikio muhula ukiwa umeshaanza. Chuo makini kitakuelewa ukiwaambia unasubiri majibu ya daktari. Kisichotaka kukuelewa kinataka pesa yako tu.

Miwani isikuumize kichwa. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambazo nchi zetu zinazifuata, zinataka kila jicho peke yake lifikie 6/9 au bora zaidi, yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9, na yote mawili kwa pamoja yafikie 6/6, uonaji wa kawaida. Unaruhusiwa kufikia hapo ukiwa na miwani. Sharti ni uivae muda wote ukiwa kazini na uwe na ya akiba karibu yako. Marubani wenye miwani wako wengi.

Sasa kitabu. Alikitunga daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, na kilitoka mwaka 1917. Ujanja wake ni kwamba madoa ya namba na madoa ya pembeni yanatofautiana kwa rangi tu, huku mwanga na ukubwa wake vikichanganywa makusudi, ili jicho lisipate mahali pengine pa kushikia. Ni chujio zuri sana. Lakini kazi ya chujio ni kukamata. Halikuambii aliyekamatwa ana tatizo dogo au kubwa. Anayekosea rangi kidogo na asiyeiona kabisa wanaweza kuanguka kwenye kurasa zilezile.

Tena kina masharti yake. Kinasomwa kwenye mwanga wa mchana au taa inayolingana nao, kikiwa kama sentimita 75 kutoka machoni, na jibu lije ndani ya sekunde tatu hivi. Taa ya njano inaharibu kipimo. Kitabu kilichoachwa juani au kushikwashikwa kwa vidole hupauka, na picha kwenye simu ndiyo kabisa, kila kioo kina rangi zake. Hukuniambia chumba kile kilikuwa na taa gani, kwa hiyo kupimwa tena ni haki yako. Hata hivyo sitakupa tumaini la uongo. Mtoto anayebonyeza nyanya wakati wenzake wanaokota kwa macho, mwenye babu mzaa mama aliyefanya hivyohivyo, huyo nina hakika rangi nyekundu na kijani zinamchanganya kweli. Usichokijua bado ni kwa kiasi gani, na hapo ndipo safari yako ilipo.

Yule daktari alipokwambia utafute kazi nyingine aliruka hatua. Baada ya kitabu kuna kipimo cha pili. Nchi nyingine hutumia taa ndogo za rangi zinazowashwa gizani, mpimwaji anazitaja. Kizuri zaidi kilitengenezwa na timu ya John Barbur wa City University, London, wakishirikiana na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, na ripoti yao ilitoka mwaka 2009. Unakaa mbele ya kioo cha kompyuta chenye vijiraba, miraba midogo ya kijivu, vinavyometameta. Kijiraba cha rangi kinapita katikati yake kwa mshazari, wewe unabonyeza kitufe kuonyesha kimeelekea kona ipi. Ukipatia, rangi inafifishwa. Ukipatia tena, inafifishwa zaidi, mpaka ijulikane jicho lako linaishia wapi. Halafu wakalinganisha matokeo hayo na kazi halisi ya rubani ya kusoma taa za uwanja. Walichokuta kinakuhusu: takriban theluthi moja ya watu wenye kasoro ya nyekundu na kijani wanaziona taa hizo vizuri kama watu wengine, na kuwazuia ni kuwaonea.

Umeona sasa hiyo laki mbili inanunua nini? Inanunua kufaulu chujio. Kwenye kipimo cha kompyuta hakuna cha kukariri, maana kijiraba kinaelekea kokote. Na dunia inaelekea huko: Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2025, anayeomba cheti cha afya cha urubani kwa mara ya kwanza anapimwa rangi kwa kompyuta, kurasa za kitabu hazikubaliwi. Ukikariri leo utafaulu Dar es Salaam, halafu ufeli siku utakapohitaji leseni ya nchi nyingine, ukiwa tayari na deni la kiwanja.

Lakini hata kama hakuna ambaye angekukamata, ningekukataza. Ngoja nikuonyeshe rangi inafanya kazi gani.

Pembeni mwa njia ya kutua ndege, mara nyingi upande wa kushoto, kuna taa nne zilizopangwa mstari mmoja. Marubani wanaziita PAPI. Ukishuka kwa mteremko sawasawa unaona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Zikiwa nyeupe zote uko juu mno. Nyekundu zikiongezeka unashuka chini ya mstari, na zote nne zikiwa nyekundu uko chini mno, vuta ndege juu. Hakuna maandishi wala sauti. Usiku wa giza, pasipo mji wala barabara mbele ya uwanja, taa hizo nne ndizo zinazokwambia ardhi iko wapi.

Tarehe 26 Julai 2002, kabla hakujapambazuka, ndege ya mizigo aina ya Boeing 727 ilikuwa inatua Tallahassee, Florida. Taa zilionyesha iko chini mno. Ikaendelea kushuka, ikagonga miti kabla ya kufika njia ya kutua, ikaanguka na kuungua. Watu watatu waliokuwa ndani waliumia vibaya lakini walitoka hai. Wachunguzi wa Marekani walitaja kwanza kosa la marubani la kutoshika mteremko sahihi, na katika yaliyochangia wakataja uchovu, kutofuata taratibu, kutofuatilia vizuri ukaribiaji, na upungufu wa kuona rangi wa rubani msaidizi. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Hakuwa amedanganya mtu, mwanangu. Alikuwa na ruhusa halali, kwa sababu vipimo vya wakati ule havikuonyesha ukubwa wa tatizo lake. Sijasema rangi peke yake iliangusha ndege ile. Ila jamaa anayekwambia rangi ni makaratasi hajawahi kukaa akifikiria usiku ule.

Umeuliza kuhusu wanaanga, na nimefurahi umeuliza, maana jibu lake linakugusa kuliko unavyodhani. Mwaka 2009 walikuwa madaktari wawili kwenye kituo cha anga za juu, Michael Barratt wa Marekani na Robert Thirsk wa Kanada. Wakiwa hukohuko wakaona macho yao hayasomi vya karibu kama zamani. Hawakunyamaza. Walichunguzana macho wao kwa wao, wakielea, na habari ikateremshwa kwa madaktari walioko duniani. Mwaka 2011 ikachapishwa taarifa ya wanaanga saba waliokaa juu miezi kama sita. Watano kati yao mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umevimba pale unapoingia jichoni, na watano jicho lilikuwa limebonyea kwa nyuma. Jicho likibonyea hivyo linakuwa fupi, na vya karibu vinafifia. Kisha dodoso za wanaanga wapatao 300 zikaangaliwa: kati ya waliokwenda safari ndefu, kama asilimia 60 walikuwa wamesema macho yao yalipungua nguvu.

Huko juu hakuna uzito wa kuvuta damu na maji miguuni, kwa hiyo yanapanda kichwani. Ndiyo maana nyuso zao zinaonekana zimevimba kwenye video. Wanasayansi wanaamini kuhama huko kwa maji ni sehemu kubwa ya chanzo, ingawa bado wanatafuta jinsi kinavyotokea hasa. NASA wameipa hali hiyo jina, SANS. Leo kituoni kuna mashine ya kupiga picha tabaka za nyuma ya jicho, na mwanaanga hupimwa kabla ya safari, akiwa juu, na akirudi. Hawafukuzwi. Wanapewa miwani inayofaa, na wanafuatiliwa kwa miaka. Yote hayo yamepatikana kwa sababu watu ambao kazi yao ilitegemea macho walikubali kusema kwamba macho yao yamebadilika. Wangekariri ubao wa herufi, tungekuwa tunapanga safari ya Mars bila kujua.

Miwani ya kwenye tangazo achana nayo. Vioo vya rangi vinaweza kufanya baadhi ya rangi zionekane tofauti zaidi, ila haviongezi kitu kilichokosekana ndani ya jicho, na kwenye kipimo cha urubani vinakataliwa. Dawa pia haipo. Mwaka 2009 Jay na Maureen Neitz wa Chuo Kikuu cha Washington walifanikiwa kuwapa jeni (chembe ya urithi) iliyokosekana nyani wadogo wa Amerika Kusini waliozaliwa bila kuona nyekundu, nao wakaanza kuitofautisha. Ni kazi nzuri sana, lakini ni ya nyani bado. Atakayekuuzia tiba leo ni mwizi.

Jambo moja la kiafya niliulize kwa usalama wako: umewahi kutumia dawa za kifua kikuu? Mojawapo, ethambutoli, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho na kuchanganya nyekundu na kijani. Kama uliwahi, mwambie daktari wa macho. Lako naliona la kuzaliwa, lakini asiambiwe nusu habari.

Sasa la nyumbani, ambalo ndilo limenikosesha usingizi. Mpe baba asome sehemu hii. Jeni za kutambua nyekundu na kijani zinakaa kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi mwilini. Mwanamume anayo X moja tu, anayopewa na mama. Mwanamke anazo mbili, na moja nzima ikiwepo anaona rangi kama kawaida. Kwa hiyo baba anasema kweli kwamba imepitia kwa mama. Alipokosea ni kuiita ugonjwa, na kuibebesha mama. Mama aliipokea kwa baba yake bila kujua, akakupa bila kujua, kwa bahati ya nusu kwa nusu. Angekupa ile X nyingine, leo ungekuwa unaokota nyanya kama wadogo zako. John Dalton, mwanakemia mkubwa wa Uingereza, aliandika mwaka 1794 kwamba yeye na kaka yake hawaoni rangi kama watu wengine, akidhani maji ya jichoni mwake ni ya bluu. Aliagiza akifa jicho lake lipasuliwe litazamwe. Alipokufa mwaka 1844 wakalitazama, maji yalikuwa meupe. Mwaka 1995 kipande cha jicho hilo kilichohifadhiwa kikapimwa jeni, ndipo kikajulikana alichokikosa. Mtu wa aina hiyo alihangaika na swali lenu na hakulipatia jibu. Mama yako angejuaje?

Na kama una dada, waambie. Wanaweza kuwa wamebeba kama mama, na siku moja mtoto wa kiume wa mmoja wao atabonyeza nyanya. Angalau huyo hatasemwa.

Ikitokea kipimo cha pili kikaonyesha upungufu wako ni mkubwa, daraja la kwanza halitapatikana, nakwambia kabisa. Katika baadhi ya nchi watu kama hao huruhusiwa kurusha ndege ndogo binafsi, mchana tu. Usikimbilie kuongoza ndege mnarani ukidhani kuna unafuu. Cheti chao cha daraja la tatu nacho kinadai rangi. Ufundi wa ndege, uliza kwanza, nyaya zina rangi. Lakini kuna wanaopanga safari, wanaokokotoa mafuta, uzito na njia kabla rubani hajapanda, kuna wataalamu wa hali ya hewa ya anga, kuna wahandisi wanaosanifu ndege yenyewe. Kwa PCM yako nzuri, milango hiyo haijafungwa. Najua si hicho ulichokuwa unakitazama ukiwa umeacha jembe. Ukihitaji kulia kwa ajili hiyo, lia.

Waandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Waombe orodha ya madaktari walioidhinishwa kupima marubani, na waulize kwa maandishi wanakubali kipimo gani cha pili cha rangi na kinafanyikia wapi. Utakapofika kwa daktari, mwambie mwenyewe kabla hajafungua kitabu: nilishapimwa, nikakosea, nataka kujua kwa kiasi gani. Fika asubuhi, ukiwa umelala vizuri, na miwani yako safi.

Laki mbili inatosha nauli ya kutoka Ilula hadi Dar na kurudi, chakula, na chumba cha usiku mmoja. Itumie hivyo, kisha uniandikie majibu.